Fosithia kwenye bustani ya baridi kali: maswali mnayoniuliza kila mwaka

Kila mwaka ikifika mwisho wa mwezi wa nne, kichaka kilichopo mbele ya nyumba yangu hapa Minnesota kinageuka njano kuanzia chini mpaka nchani, jani hata moja hakina, ni maua matupu, na theluji iliyochanganyika na mchanga wa barabarani bado imebaki kwenye kivuli cha gereji. Hapo ndo simu zinaanza. Mara mtu kanunua chake hakichanui, mara mwingine kakipogolea kimekuwa kama ufagio, mara mama mmoja anauliza kama anaweza kumpelekea dada yake Lushoto. Nimeamua niyaweke majibu yote mahali pamoja. Kama huna muda wa kusoma yote, soma la pili na lile la kupogolea, maana mengine mengi yanatokana na hayo mawili.

Huu mmea ni nini hasa, na umetokea wapi?

Unaitwa fosithia. Jina limetokana na William Forsyth, mtunza bustani Mskoti aliyefariki mwaka 1804, ambaye alikuwa msimamizi wa bustani za mfalme pale London. Lakini asili ya mmea wenyewe sio Uingereza, nyingi zimetoka China na Korea, na moja imetoka milima ya Balkani huko Ulaya. Seoul wameifanya ua rasmi la jiji lao, ukipita huko majira ya kuchipua kingo za barabara zote njano.

Kitu kilichonigusa mimi nilipokijua ni kwamba fosithia iko ukoo mmoja na mzeituni, na ukoo mmoja na asumini. Asumini hii hii ya kwetu Tanga, inayotungwa kwenye uzi jioni. Ua la fosithia halina harufu ya kuita mtu, hilo niseme mapema usije ukanunua kwa ajili ya kunukia, lakini ukilishika uliangalie, petali nne ndefu zimeungana kule chini zikawa kikombe kidogo, unauona undugu kabisa.

Kweli itavumilia baridi ya huku? Maana kwangu ilifika hasi 28 mwaka ule.

Itavumilia, ila hapa ndipo watu wengi wanapoingia mkenge kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Kuna uhai wa kichaka na kuna uhai wa matumba ya maua, na hivi ni vitu viwili tofauti. Mashina na mizizi ya fosithia karibu zote yanastahimili baridi kali sana, kichaka kitaamka mwezi wa tano na kutoa majani ya kijani mazuri tu. Lakini tumba la ua ni laini kuliko shina. Limeshatengenezwa tangu kiangazi kilichopita, kuanzia mwezi wa saba hivi, likakaa pale tawini limefunga kama punje ya mtama likisubiri, na ndani yake kuna ua zima tayari limekunjwa. Sasa baridi ikizidi kiwango chake ua linafia humo humo ndani ya ganda. Kichaka kinapona, maua hayapo.

Fosithia za kawaida za madukani, zile chotara za zamani kama Lynwood iliyopatikana kwenye bustani moja Ireland ya Kaskazini mwaka 1935, matumba yake yanaanza kufa baridi ikishuka kama hasi 23 mpaka hasi 26 za Selsiasi. Tarehe 30 Januari 2019 hapa Minneapolis tulifika hasi 33, ambayo ni hasi 28 kwa Fahrenheit. Piga hesabu mwenyewe.

Basi ndo maana yangu imechanua chini tu, juu kupo wazi?

Ndio hiyo hiyo. Mimi ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya aina hiyo ya kawaida, duka lilinihakikishia itafaa, na ule mwaka wa baridi kubwa niliamka siku moja ya mwezi wa nne nikakuta maua yameanzia ardhini yakaishia magotini, yamekatika kwa mstari ulionyooka kama mtu aliyepima na rula. Juu ya mstari ule matawi makavu matupu. Nilizunguka kile kichaka nikidhani kuna mnyama amekula. Kumbe ule mstari ndo ulikuwa usawa wa theluji. Theluji ni blanketi, chini yake joto halishuki kama hewani, kwa hiyo matumba yaliyozikwa yalipona na yaliyochungulia nje yakafa. Ukiona hivyo usikikate kichaka kwa hasira, kizima hicho. Tatizo ni aina uliyopanda haiendani na mahali ulipo.

Kwa hiyo ninunue aina gani?

Kama unaishi Minnesota, Dakota zote mbili, Wisconsin ya kaskazini, au Canada maeneo ya Ottawa, tafuta hizi tatu kwa jina kabisa.

Meadowlark ndo chaguo langu la kwanza. Ilitengenezwa na vyuo vikuu vya serikali vya North Dakota na South Dakota pamoja na Arnold Arboretum, bustani ya miti ya Boston, ikatolewa miaka ya 1980. Matumba yake yanahimili mpaka hasi 37 za Selsiasi. Damu yake nusu ni fosithia ya Korea, ambayo mbegu zake mkusanyaji mimea Ernest Wilson alizileta Boston mwaka 1917, na nusu ni ile ya Balkani. Inakua kubwa, mita mbili na nusu mpaka tatu kwenda juu na upana vile vile, kwa hiyo usiniambie baadae imeziba dirisha.

Northern Sun ni ya Chuo Kikuu cha Minnesota, nayo ni kubwa, nayo ina damu ya Korea, matumba yanafika kama hasi 34. Njano yake mimi naiona angavu kidogo kuliko Meadowlark. Na Northern Gold imetoka Ottawa, ugumu wake uko huko huko.

Zile fupi fupi za kupendeza zinazouzwa sasa hivi, zinazofika magotini au kiunoni, nyingi ni za zoni 5 (zoni ni maeneo yaliyogawanywa kwa ukali wa baridi, namba ikiwa ndogo baridi ni kali zaidi). Kama uko Ohio, New Jersey, Maryland, au Uingereza na Ujerumani chukua tu bila wasiwasi, huko hata Lynwood inachanua mpaka unashangaa.

Na kibandiko cha dukani kikiandikwa zoni 4 uliza swali hili: ni kichaka au ni matumba? Mara nyingi ni kichaka. Halafu ujue pia ile ramani ya zoni ya mwaka 2023, ambayo imesogeza sehemu kubwa ya jiji letu kwenye zoni 5, inapiga wastani wa usiku wa baridi zaidi wa kila mwaka kwa miaka 30. Wastani! Usiku mmoja tu wa kupita wastani unatosha kumaliza maua ya mwaka mzima, kwa hiyo mimi bado napanda kama mtu wa zoni 4.

Niipande wapi kwenye yadi?

Juani. Angalau masaa sita ya jua la moja kwa moja. Kivulini itaishi lakini itakuwa na matawi marefu membamba na maua ya kuhesabu. Udongo haichagui sana, mfinyanzi wetu huu mzito inauvumilia, ila isikae mahali maji yanapotuama theluji inapoyeyuka. Kabla hujachimba nenda uani mwezi wa tatu uangalie madimbwi yako wapi, hiyo itakwambia kuliko kitabu chochote.

Iache nafasi. Watu wanaipanda futi mbili kutoka ukutani kwa sababu imetoka dukani ndogo kwenye kopo, halafu miaka mitano baadae wanaanza kuinyoa kila mwezi ipungue, na kuinyoa ndo kuimaliza maua. Ipe mita moja na nusu mpaka mbili kutoka ukutani. Na usiiweke pale greda la theluji linaposukumia lundo lake, matawi yanavunjika.

Na napanda lini, vipi?

Kuanzia ardhi ikishalainika mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa. Mimi napenda mwezi wa tano au mwanzo wa wa tisa, maana katikati ya kiangazi utakuwa mtumwa wa kumwagilia.

Kwa walioko Marekani, piga 811 siku chache kabla ya kuchimba, ni bure, wanakuja kukuwekea alama za rangi pale nyaya na mabomba ya gesi yanapopita. Wengi wetu hatujazoea hilo, kwetu unachukua jembe unachimba, lakini hapa bomba la gesi linaweza kuwa karibu sana na uso wa ardhi. Msilipuuzie hili jamani.

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, ila kina kiwe sawa na kopo, sio zaidi. Ukishautoa mmea kwenye kopo angalia mizizi, ikiwa imejizungusha zungusha kama kamba iliyokunjwa basi ipasue kwa kisu pembeni sehemu tatu nne, usione huruma, usipofanya hivyo itaendelea kuzunguka vile vile ardhini. Rudisha udongo ule ule uliochimba, mwagilia mpaka ushuke, kisha weka matandazo ya vipande vya miti unene wa sentimita 5 mpaka 8. Yasigusane na shina, acha duara wazi la kiganja kimoja.

Maji na mbolea je?

Mwaka wa kwanza hakikisha inapata kama sentimita mbili na nusu za maji kwa wiki, mvua ikiwemo. Kuanzia mwaka wa tatu inajitegemea, labda ukame uwe mkali.

Mbolea mi siweki. Natandaza mboji kidogo mwezi wa tano basi. Ile mbolea ya nyasi yenye naitrojeni nyingi ikimwagikia kwenye mizizi ya fosithia utaona majani mapana ya kijani kibichi na maua machache, kwa hiyo ukiwa na mtu anayekuja kunyunyizia nyasi mwambie awe mbali na kichaka.

Nipogolee lini?

Mara tu maua yakianza kudondoka. Hapa kwetu ni katikati ya mwezi wa tano, na dirisha linafungwa mwezi wa sita ukiisha. Sababu nimeshaieleza pale juu, matumba ya mwaka kesho yanaanza kutengenezwa mwezi wa saba kwenye matawi yaliyokua mwaka huu. Ukikata mwezi wa nane, wa kumi, au mwezi wa tatu kabla hakijachanua, unakata maua yenyewe.

Mimi nililijua hili kwa kuumia. Mwaka wangu wa pili hapa, mwezi wa kumi nilikuwa nasafisha yadi kabla ya winta, nikakiona kichaka kimetawanyika matawi kila upande nikaona aibu, nikachukua mkasi nikakinyoa kikawa duara safi kabisa kama mpira, mpaka nikapiga picha nikamtumia mama. Matawi nikayajaza kwenye mifuko ya takataka mitano. Mwaka ule hakikutoa ua, na kibaya zaidi sikujua kwanini, nikaamini baridi imekiua. Jirani yangu mmoja mzee, amelima hapa maisha yake yote, ndo alinivuta mpaka kwenye kichaka chake mwezi wa kumi uliofuata akanionyesha pale jani linapoungana na tawi, vitu viwili vitatu vimejipanga pamoja, vinene, vimechongoka, rangi ya kahawia yenye njano kwa mbali. Akaniambia haya ndo maua yako ya mwezi wa nne. Nikayakumbuka yale niliyoyafungia kwenye mifuko mitano.

Sasa namna ya kukata. Usinyoe juu juu. Ingia chini kwenye shina, chagua matawi manene ya zamani, yale ya kijivu yenye magamba, ukate karibu na ardhi kabisa kwa msumeno mdogo, moja katika kila manne au moja katika kila matatu, sio zaidi ya hapo kwa mwaka. Machanga yenye gome laini yaache. Kila mwaka ukifanya hivyo kichaka kinakuwa kinajifanya upya chenyewe na kinabaki na lile umbo lake la kumwagika kama chemchemi, ambalo ndo uzuri wake. Kukifanya boksi ni kukionea.

Nimenunua nyumba nikakuta lifosithia lizee, limejaa matawi makavu, halitoi maua. Ling'olewe?

Usiling'oe kwanza. Mapema mwezi wa nne, kabla halijaanza kutoa majani, likate lote mpaka sentimita 10 au 15 kutoka ardhini. Ndio, lote. Litachipua kwa nguvu kiangazi hicho hicho, na mizizi yake ya miaka mingi italisukuma haraka. Maua ya mwaka huo utayakosa na pengine ya mwaka unaofuata yatakuwa machache, baada ya hapo utakuwa na kichaka kipya. Yakichipuka mengi mno punguza, bakisha yale yenye nguvu. Kama moyo hauruhusu kukata lote, fanya theluthi kila mwaka kwa miaka mitatu.

Kina miaka minne, kina afya, majani mazuri, sijawahi kuona ua. Shida nini?

Kwanza jiulize unapogolea lini, maana nusu ya wanaoniuliza jibu lao linaishia hapo. Pili jua, huenda ulipokipanda kichaka, mti wa jirani ulikuwa mdogo na sasa umekifunika. Tatu ile mbolea ya nyasi. Nne ni baridi, na hii unaweza kuipima mwenyewe: mwezi wa tatu chukua tawi moja, chagua matumba kama kumi ya urefu tofauti, yapasue katikati kwa wembe. Likiwa ndani kijani au njano mbichi, zima. Likiwa na kitovu cha kahawia au cheusi, limekufa. Ya juu yote yakiwa meusi na ya chini mazima basi umeshajua, aina hiyo haifai hapo ulipo na hakuna utakachokifanya zaidi ya kubadili aina.

Kuna jambo la tano, lile joto la uongo la mwezi wa pili. Zikija siku tatu nne za jua theluji inachuruzika, matumba yanalegeza ulinzi wake, halafu usiku inapiga hasi 25 ghafla. Tumba ambalo mwezi wa kwanza lingeistahimili baridi ile, sasa haliwezi. Hili halizuiliki, ila kichaka kisiwe kimeegemea ukuta wa kusini unaokusanya joto, hapo kinaamka mapema kuliko wenzake.

Mwezi wa 11 kimetoa maua matano sita! Kimechanganyikiwa?

Kimepata baridi kidogo ya mwezi wa kumi kisha joto likarudi, kikadhani winta imepita. Hutokea. Maua yaliyofunguka hayo yamepotea kwa mwaka kesho, mengine yapo salama. Usifanye kitu.

Nikifunike na magunia winta?

Hapana. Kifuniko kinatega joto mchana, matawi yanavunjika, na kusema kweli hakizuii hasi 30. Kama kichaka ni kifupi na unataka kukisaidia, basi unaposafisha njia lundike theluji safi juu yake taratibu bila kuirusha kwa nguvu, hiyo itafanya kazi kuliko gunia. Theluji isiyo na chumvi lakini. Ikidondoka nzito yenye maji ikayalaza matawi, usiyatikise yakiwa yameganda, yanakatika kama vijiti vya kiberiti, subiri iyeyuke yatainuka yenyewe.

Sungura, kulungu, magonjwa?

Kulungu hawaipendi sana, njaa ikizidi watadonoa. Sungura ndo wa kuangalia, hasa mmea ukiwa mdogo, wanatafuna gome lote kuzunguka shina. Zungushia wavu wa waya mwezi wa kumi, na kimo chake uhesabu kuanzia juu ya theluji, sio ardhini, maana sungura anasimama juu ya theluji anakula kwa raha zake. Mashina yakitoa vinundu vikavu vya duara kama vidonda vilivyopona vibaya, huo ni ugonjwa wa kuvu, kata tawi hilo chini ya kinundu, litupe, na mkasi uufute kwa spiriti kabla ya kukata jingine. Zaidi ya hapo fosithia haiumwi umwi.

Mtoto wangu kala ua. Kuna sumu?

Fosithia haimo kwenye mimea ya sumu, na kwa mbwa na paka pia imeorodheshwa kuwa salama. Ila hakikisha kweli ni fosithia alichokula, na kama mtoto anatapika au hayuko sawa mpeleke hospitali usisubiri. Wachina wanatumia tunda la aina moja ya fosithia kama dawa tangu zamani, ndo maana kuna wanaouliza kama wachemshe. Msichemshe. Hizi za bustani ni chotara na sio hiyo.

Nyuki wanafaidika?

Kidogo sana, na hili nalisema ingawa naupenda huu mmea. Nekta yake ni haba. Maua yake yapo ya aina mbili, yenye mtindo (kile kijiti cha kike cha katikati ya ua) mrefu na yenye mfupi, na bila kuwa na aina zote mbili karibu hayashiki mbegu, ndo maana kichaka kimoja uani hakizai matunda. Kama una nafasi panda na kitu kingine cha nyuki pembeni, mi nimeweka mierebi midogo.

Naishi apatimenti, sina yadi. Naweza kuwa nayo kwenye chungu?

Kwenye baridi ya huku sikushauri. Ardhini mizizi inalindwa, kwenye chungu baridi inaizunguka pande zote, mmea unaovumilia ardhini unaweza kufia kwenye chungu.

Lakini maua unaweza kuwa nayo, na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwisho wa mwezi wa kwanza au mwezi wa pili, matumba yakiwa yameshapata wiki sita nane za baridi, omba kwa mwenye kichaka matawi manne matano yenye matumba mengi, na mwambie ayatoe kwenye mashina ya zamani aliyokuwa ayapunguze. Kata siku ambayo haijaganda sana. Ukifika nyumbani yalaze usiku mzima kwenye beseni au bafu lenye maji vuguvugu, asubuhi kata tena ncha kwa mshazari, yaweke kwenye chombo kirefu chenye maji, mahali pa baridi kiasi penye mwanga lakini sio juu ya hita. Badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Baada ya wiki moja mpaka tatu yanafunguka.

Mwaka mmoja nilikuwa na wageni wa matanga, tumefiwa nyumbani na hatukuweza kusafiri, nje hasi 20 na kuta zote nyeupe, na kwenye meza ya sebuleni yale matawi yalikuwa yamefunguka yote siku hiyo hiyo. Shangazi mmoja akayasogelea akayanusa, akasema hayanuki lakini yanapumua. Tangu hapo kila mwezi wa pili nakata.

Naweza kuipeleka nyumbani nikapanda Lushoto, Njombe au Limuru?

Najua hamu ilivyo. Lakini fosithia inahitaji wiki nyingi mfululizo za baridi ya karibu na kuganda ili matumba yake yaamke sawasawa. Baridi ya Njombe mwezi wa saba unaivalia sweta asubuhi, mchana unavua, hiyo haitoshi. Utapata kichaka cha majani. Halafu huwezi kubeba mche kwenye begi, mimea inayoingia nchini inapita karantini, Tanzania ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na Kenya ni KEPHIS, shirika la ukaguzi wa mimea, na sheria hizo zinalinda mashamba ya wazazi wetu. Nyumbani njano mnayo, alamanda inapanda ukutani mwaka mzima.

Jirani anasema fosithia ikichanua ndo muda wa kuweka dawa ya magugu ya krabugrasi. Ni kweli?

Ni desturi ya hapa na ina mantiki, mbegu za krabugrasi zinaanza kuota udongo ukifika kama nyuzi 13 za Selsiasi, na mara nyingi inakaribiana na maua ya fosithia kuanza kudondoka. Ila fosithia inafuata zaidi joto la hewa, magugu yanafuata la udongo, kwa hiyo kipimajoto cha udongo cha bei ndogo kitakwambia ukweli zaidi.

Meadowlark siipati madukani kwetu. Nifanyeje?

Mtafute mwenye nayo, ni rahisi sana kuzalisha. Njia ya kwanza haina hata kazi: tawi lake la pembeni liinamishe liguse ardhi, likwaruze gome kidogo pale linapogusa, lifukie sentimita chache ncha ikiwa nje, weka jiwe juu. Ukifanya mwezi wa tano, mwaka unaofuata mwezi kama huo lina mizizi, unalikata kutoka kwa mama yake unalihamisha. Fosithia nyingi zinafanya hivi zenyewe bila kuombwa, inua matawi ya chini ya kichaka kikubwa mara nyingi utakuta moja limeshashika.

Njia ya pili ni vipandikizi. Mwezi wa sita au mwanzo wa saba kata ncha laini za mwaka huu, urefu wa kalamu, ondoa majani ya chini bakisha mawili manne ya juu, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, funika na mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, weka kivulini, usiache ukauke. Ndani ya wiki nne mpaka sita ukivuta taratibu utahisi imegoma, maana yake imeshika. Winta ya kwanza ifukie na kopo lake ardhini chini ya majani makavu.

Chomeka saba nane, zisizohitajika utagawa. Mimi Meadowlark yangu ilikuja hivyo hivyo, jirani yule mzee alinipa tawi lenye mizizi limefungwa kwenye gazeti bichi, na hadi sasa zimeshatoka kwangu kumi na moja.